Sigaa Zilizolala Bondeni

Kacha. Kacha-kacha.

Nilidhani ni panya kwenye gunia la mahindi. Nikanyoosha mkono gizani nimguse mume wangu Alamin amfukuze, mkono ukaangukia shuka tupu. Sauti ikaja tena, kacha, na safari hii haikutoka sakafuni. Ilitoka juu, pale kinapofika kichwa cha mtu aliyekaa.

“Baba Kinsi?”

“Zinalia,” akasema mume wangu.

“Nini inalia?”

“Sigaa. Hebu sikiliza mwenyewe.”

Akanishika kichwa kama mtu anayetafuta chawa, akaniwekea sikioni kitu kinene kama kidole gumba, akakizungusha taratibu. Kacha. Kama unapokanyaga maganda ya mahindi baada ya mavuno. Ndivyo Bwana alivyomfundisha: sigaa haiangaliwi tu, inasikilizwa. Ikinyamaza, ina uhai. Ikilia, imekauka, na moshi wake utakuwa mkali kama wa nyasi.

Jogoo wa Kosgei, mpishi, alikuwa hajawika. Nilikaa nimejifunika leso nikijaribu kuelewa. Mtu mzima, baba wa mtoto, amekaa gizani anasikiliza tumbaku.

“Zote?” nikauliza.

“Nimejaribu sita. Zote zinalia.”

Hapo usingizi ukanitoka, kwa sababu hizo sigaa zilikuwa nyumba yetu.

Nieleze. Mwaka huo wa hamsini na saba tulikaa katika kwata, vyumba vya watumishi, nyuma ya nyumba ya Bwana Hartnoll, huku juu Nakuru pale mji unapoanza kupanda mlima Menengai. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha hakuna. Alamin alikuwa boi wa nyumba: mezani, vitandani, viatu, funguo. Na ndani ya kabati la chumba cha kulia kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye picha ya mwanamke na maandishi ya dhahabu, kimetoka Kuba. Mwalimu Dalmas wa darasa la jioni alinichorea Kuba ubaoni kwa chaki nilipomuuliza. Ni kisiwa, kimekaa kama mjusi aliyelala majini. Bwana alikingojea kisanduku hicho miaka, maana siku zile vitu vya huko vilikuwa havipatikani bila vibali na barua na kujuana na watu wa meli.

Kabla hajaenda shambani kwake Rongai kusimamia mahindi, alimwita Alamin. Akamwambia atarudi baada ya wiki tano, pamoja na rafiki yake Meja wa Njoro, na siku hiyo watafungua sigaa. Zikiwa salama, Alamin atakuwa mkubwa wa nyumba na tutahamia nyumba ya getini. Zikiharibika, atatafuta mtu mwingine.

Nyumba ya getini ilikuwa na vyumba viwili, dirisha la kutazama barabara, na taa ya umeme. Nilikuwa nimeshachagua pembe ya kuweka meza. Upande mmoja angekaa Kinsi, binti yangu, akianza kusoma. Upande wa pili ningekaa mimi na daftari langu la darasa la Jumanne na Alhamisi. Nilishaona hata kivuli cha vichwa vyetu ukutani.

“Ulizifanya nini?” nikamuuliza Alamin.

“Niliziona na vumbi jeupe. Nikadhani ni ukungu. Nikazifungulia dirishani zipate hewa.”

“Siku ngapi?”

“Tatu,” akasema. “Na upepo huu wa mwezi wa pili.”

Kulipokucha akanipa karatasi ambayo Bwana alikuwa ameiacha ndani ya kabati. Ilikuwa ya Kiingereza, mwandiko wa kuinama. Mimi ndiye msomaji wa nyumba yetu, basi nikakaa mlangoni penye mwanga nikaisoma neno moja moja. Bwana alikuwa ameandika sigaa nyingine aliyoivuta zamani ilikuwa na ladha gani. Kuivuta kumegawanywa mara tatu, mwanzo, katikati na mwisho, kama swala.

“Mwanzo,” nikasoma, “pilipili na mbao. Katikati, ngozi. Na… udongo uliolowa. Mwisho, kahawa, asali, na zizi la farasi.”

“Umekosea,” akasema Alamin.

“Sijakosea. Farasi namjua, yuko ukurasa wa kumi na moja wa kitabu cha darasani.”

“Zizi?”

“Zizi.”

“Na anasema ni tamu?”

“Ameandika tamu sana. Amepiga mstari chini.”

Tukatazamana. Kosgei mpishi alikuwa anapita na ndoo, akasimama. Kosgei alizaliwa Rongai, na hapana jambo lililompita bila kulionja.

“Mswahili, kama Bwana anataka ngozi na zizi, mwambie akuje kwetu,” akasema. “Tutampatia bure. Hata mavi ya ng'ombe tutamuongezea, aandike hiyo pia.”

Alamin hakucheka. Ndipo nilipojua jinsi alivyoogopa, maana Kosgei humchekesha hata mtu mwenye jino bovu.

Nikafikiri. Jani lililokauka unalirudishaje? Ukilinyunyizia maji litaoza, na Bwana alishasema hivyo: lisilowe, lisikauke. Mtu wa kunijibu nilimjua mmoja tu, ni mama yangu Kuluthum, ambaye tangu nizaliwe anauza majani ya tambuu mtaa wa Bondeni, huko chini mjini. Tambuu hushuka kwenye treni ya kutoka Mombasa zimechoka, zimejikunja, na mama huzirudishia uhai. Jani la siku nne kwake linakuwa kama la jana.

Siku ileile nikakitia kisanduku ndani ya kikapu, nikafunika kwa sukuma wiki, nikamfunga Kinsi mgongoni ingawa ana miaka minne na miguu inaning'inia, nikashuka mjini. Getini nilikutana na Kosgei.

“Mama Kinsi, sukuma imeanza kwenda sokoni badala ya kutoka?”

“Nampelekea mama.”

Akakitazama kikapu. Pembe ya mbao ilikuwa imejitokeza. Akapanga majani vizuri juu yake kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia, “Msalimie,” akaenda zake akipiga mluzi.

Mama alikaa kibarazani kwake na bakuli la chokaa na popoo. Nilipomwonyesha alichukua sigaa moja, akaigeuza, akainusa, akaitazama ile karatasi nyekundu iliyoivaa kama pete.

“Huyu mwanamume ana mali,” akasema. “Tumbaku yavalishwa pete. Mimi baba yenu hakunivalisha.”

“Mama, zitapona?”

“Jani ni jani, mwanangu. Lina kiu tu. Nawe usilipe maji, lionyeshe maji.” Kisha akasita. “Ni Bwana gani, ni yule wa gari lililotoka moshi hapa?”

“Ndiye.”

“Aaa! Alikuja jasho lamtiririka, akaomba maji. Akanywa vikombe vitatu. Kisha aniuliza, mama, umetia nini humu? Nikamwambia, nimetia maji.” Akacheka mpaka akashika kiuno. “Akatikisa kichwa akaenda. Watu wengine hawaamini wakiambiwa kweli.”

Akatoa mtungi mtupu, akauosha. Akapuliza makaa kwenye chetezo, akatia udi na punje za ubani, akaupindua mtungi juu yake ukanywa moshi hadi ukashiba, kama anavyofanya kila mtungi uingiapo kazini. Mtungi usiofukizwa, kwake, ni chungu cha mboga. Akatandika kitambaa kibichi chini kabisa, juu yake kipande cha mkeka, na juu ya mkeka tukazilaza sigaa mojamoja zisiguse maji. Akafunika kwa kata, akausogeza mtungi pembeni, mahali pa baridi.

“Siku tisa,” akasema. “Usinisumbue kabla.”

Kinsi alitaka maji. Mama akamtekea kutoka mtungi wa pili, ule wa maji ya kunywa, akanywa, akashusha pumzi kama mzee.

Siku tisa zile sikulala vizuri. Kila asubuhi Alamin aliondoa vumbi kwenye kabati tupu kana kwamba kisanduku kimo. Siku ya kumi nikaenda. Mama akafungua, nikachukua moja nikaiweka sikioni, nikaizungusha. Kimya. Nikaminya kidogo, ikabonyea, ikarudi, kama shavu la mtoto. Nikainusa. Nikasikia tumbaku, na nikasikia raha ambayo sikuipa jina, ile ya kuwa nimefika kwetu. Sikuitilia maanani. Nilikuwa pale kwetu, basi nilitegemea kusikia nini kingine?

Kisanduku kilikuwa kimerudi kabatini Bwana na Meja walipokuja Jumamosi, saa kumi jioni, jua likiwa upande wa ziwa. Kosgei alikuwa anahangaika na kuku jikoni, basi nikaambiwa nibebe sinia la vikombe vya kahawa. Kinsi alinishika leso kwa nyuma. Nikaweka sinia, kisha nikasimama karibu na nguzo ya baraza, kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke, na kwa sababu nilitaka kuiona nyumba ya getini ikitoka mdomoni mwa Bwana.

Alamin alifanya kama alivyofundishwa. Akakata ncha kwa kisu kidogo. Bwana hakuwasha. Kwanza aliinusa urefu wake wote, kisha akaivuta vivi hivi bila moto, akakaa nayo mdomoni akitazama juu. Akainusa tena. Nyusi zake zikakaribiana.

Alamin akawasha kibanzi cha mwerezi, si kiberiti wala taa, maana kiberiti kina baruti na mafuta ya taa yana harufu. Akakishikilia chini ya ncha, mbali kidogo, huku Bwana akizungusha sigaa hadi ikawa nyekundu pande zote sawasawa. Akampa na Meja.

Hawavuti kama watu wanaovuta sigareti. Moshi haushuki kifuani. Wanauweka mdomoni kama uji wa moto, wanauzungusha, wanauachia. Mimi nilingoja mmoja aseme pilipili, mwingine aseme ngozi, kama kwenye karatasi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la jioni, cha “huyu ni paka, paka yuko juu ya kiti,” lakini masikio nilikuwa nimeyasimamisha.

Meja alikuwa wa kwanza. Alisema neno nililolijua, nikadhani nimelisikia vibaya. Alisema: kanisa.

Bwana akasema, “Kanisa?”

“Kanisa la Warumi,” Meja akasema. “Ndugu yangu, nimeketi kwenye baraza lako navuta misa nzima.”

Kwenye karatasi hapakuwa na kanisa. Nikamtazama Alamin, Alamin akaitazama sakafu.

Bwana akavuta tena, akafumba macho. Uso wake sikuweza kuusoma. Uso wa Alamin naujua ukikasirika na ukifurahi, hata wa Kosgei naujua, lakini huu ulikwenda huku ukarudi: mara kama mtu aliyekumbuka jambo zuri, mara kama mtu aliyekuta mlango wake umevunjwa. Majivu yalikuwa marefu kwenye sigaa, meupe, hayaanguki. Mwenyewe alisema zamani kwamba majivu ya hivyo ni dalili ya sigaa ya kweli. Akayatazama. Akaitazama ile pete nyekundu. Akanusa kisanduku.

“Jani ni lenyewe,” akamwambia Meja. “Majivu ni yenyewe. Lakini hii siijui.”

“Umeibiwa, rafiki,” Meja akasema. “Mtu ametoa zako, amezivalisha pete takataka za sokoni. Ita askari.”

Hilo nililielewa lote, kwa bahati mbaya. Askari ni neno moja kwa Kiingereza chao na kwa Kiswahili chetu.

Sikuwa nafikiria tena nyumba ya getini. Nilifikiria mlango mmoja usio na dirisha, na kwamba nao pia utafungwa. Miaka ile mtu aliyefukuzwa na Bwana wake kwa wizi hakupata barua ya tabia njema, na bila barua hakuna aliyekuuliza jina. Na bado sikuelewa. Hatukuiba. Hatukubadilisha. Zilitoka zinalia, zikarudi zimenyamaza. Kosa liliingilia wapi?

Bwana akamgeukia Alamin, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha shambani.

“Alamin. Hii sanduku natoka nje ya nyumba yangu?”

Angeweza kusema hapana. Mlangoni mwa jikoni Kosgei alikuwa amesimama na kisu na vitunguu, na uso wake ulisema wazi kwamba yeye hajaona kikapu maishani mwake.

“Ndiyo, Bwana,” akasema Alamin. “Kilitoka.”

“Nakwenda wapi?”

“Zilikauka, Bwana. Kosa ni langu, nilizifungulia upepo. Zilikuwa zinalia. Mke wangu akazipeleka zikatibiwe.”

“Natibu? Nani natibu sigaa?”

“Mama yangu, Bwana,” nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba. “Bondeni. Anauza tambuu. Alizilaza kwenye mtungi siku tisa. Zote zipo, Bwana. Hesabu.”

“Bondeni!” akasema Meja, akajipiga paja. “Si nilikwambia? Sokoni!”

Bwana akanyanyua mkono, Meja akanyamaza. “Nini nakuwa ndani ya mtungi?”

“Kitambaa kibichi, Bwana. Na mkeka.”

“Na nini ingine?”

Nikawaza kwa nguvu zangu zote. Naapa niliwaza. Niliuona mtungi, niliona mikono ya mama, niliona kitambaa na mkeka na kata.

“Hakuna kingine, Bwana.”

Akanitazama muda mrefu. Nadhani alitaka kuniamini, na ndiyo maana alichanganyikiwa zaidi. Akasimama, akatembea hadi mwisho wa baraza, akarudi. Akaivuta tena, taratibu, akauachia moshi mbele ya uso wake akaunusa unapopita.

“Mimi najua hii harufu,” akasema, si kwa Meja, wala si kwetu. “Iko siku napata hii harufu. Mimi nasikia furaha siku ile. Lakini wapi?” Akagonga paji la uso kwa kidole. “Wapi?”

“Polisi watakukumbusha,” Meja akasema.

“Hapana.” Bwana akaketi. “Sikia, Alamin. Kama sanduku nakwenda sokoni na watu nabadilisha, mimi naita askari. Lakini kama mtu naweza kuambia mimi hii harufu ni nini, harufu ya kweli, si maneno, basi maneno nakwisha. Nyumba ya geti ni yako, kama mimi nasema mbele. Harufu ni nini?”

Alamin akainama, akanusa moshi. Akatikisa kichwa. “Ni tumbaku, Bwana.”

Bwana akaninyooshea mimi kisanduku. Nikainua hadi puani nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Nilitafuta pilipili. Nilitafuta ngozi na udongo uliolowa, nikatafuta hata zizi la farasi. Sikusikia kitu kigeni. Nilisikia tu nyumbani, na nyumbani si jina la harufu. Machozi yakaanza kunijia, nikawa nayazuia yasiangukie ndani, nikiwaza kwamba sigaa zisilowe.

“Sijui, Bwana,” nikasema.

Meja akainuka, akashika kofia yake, kama mtu anayekwenda kwenye simu.

Moshi ulikuwa umeshuka, ukapita juu ya sinia, ukapita miguuni mwa Bwana, ukamfikia Kinsi. Nilisikia leso yangu inaachiwa. Akatoka nyuma yangu, akasimama katikati ya baraza na gauni lake fupi, pua juu, macho amefumba kama vile Bwana alivyofumba. Nikamwita kwa mnong'ono arudi. Hakurudi. Bwana aliyafungua macho yake, akamkuta mtoto mbele yake, akaishusha sigaa.

“Wewe najua, toto?” akamuuliza.

Kinsi akatoa kidole mdomoni, akamtazama usoni bila woga wowote, akasema kwa sauti:

“Inanukia kama maji ya bibi.”